Mlima wa Majini

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipakia kwenye bajaji akanipeleka kando ya barabara kuu hapa Same, kwenye uwanja wa fundi mmoja anayechomelea mageti. Katikati ya mageti na vitanda vya chuma palikuwa na boti mbili za faiba zilizoletwa na lori kutoka Tanga, zimelala juu ya matairi chakavu kama mizigo iliyoteremshwa mahali pasipo pake. Moja ilikuwa ya buluu, nyembamba na ndefu, imechongoka mbele. Ya pili ilikuwa pana, fupi kidogo, haina haraka usoni. Mjukuu wangu ameamua kwenda kuvua kwenye bwawa liitwalo Nyumba ya Mungu, na alitaka niwepo akichagua.

"Wewe uguse tu kwa mkono, Bibi," aliniambia. "Mengine nimeshasoma kwenye simu."

Mashine nayo ilikuwepo, imefungwa kwenye stendi ya chuma, mguu wake umezamishwa ndani ya pipa la maji. Nauita mguu kwa sababu ndivyo baba yangu alivyouita: ile sehemu ndefu inayoteremka kutoka kichwa cha mashine mpaka majini, kwenye pangaboi linalozunguka na kusukuma chombo. Kijana wa pale akavuta kamba, akavuta tena, mashine ikanguruma na maji ya pipa yakaanza kuchemka bila moto. Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili ikanijia. Macho yakalowa. Wakadhani ni moshi, wakanisogezea kiti.

Nikauliza swali langu moja. "Inapanda?"

Vijana wakatazamana. "Inapanda wapi, Bibi? Hii siyo pikipiki ya kwenda Ugweno. Majini hakuna mlima!"

Wakacheka, nami nikacheka nao, maana sikuudhika. Maneno hayo hayo niliyasikia katika mji huu huu nikiwa mtoto. Aliyeambiwa alikuwa baba yangu, na aliyeyajibu alikuwa mama. Kaa nikueleze. Mungu amenipa umri wa kukaa, na mtu akikaa hukumbuka.

Nilizaliwa Ugweno, milimani Upareni, kwenye mteremko unaotazama machweo. Mbele ya nyumba migomba, nyuma yake kahawa, na pembeni mfereji wa maji tuliopokezana na majirani kwa zamu. Asubuhi ukungu ulitufunika mpaka tukawa tunasikia majirani wakikohoa bila kuwaona. Jua likipanda, ukungu ulifunguka, na tambarare yote ikawa chini yetu, rangi ya ugoro, na katikati yake kitu kinachong'aa kama kipande cha bati jipya. Hilo lilikuwa bwawa. Lilikuwa geni bado. Watu wazima walituambia kwamba wao walipakuta mto na miti tu, kisha mto ukazibwa, maji yakapanda na kuimeza ile miti ikiwa imesimama.

Sisi hatukuwa watu wa maji. Maji tuliyoyajua yalikuwa ya mfereji, yanafika kwenye kifundo cha mguu. Siku baba alipoleta kambare wa kukaushwa, bibi yangu alimtazama yule samaki, akatazama sharubu zake, akasukuma sahani. "Mwenye sharubu ni paka," alisema, "na paka haliwi." Akala kande lake kavu.

Kisha kahawa ikaugua. Tunda lilikuwa linaanza vizuri, halafu linaingia doa, halafu linakuwa jeusi na kukauka kwenye tawi. Nakumbuka baba amesimama shambani na matunda meusi kiganjani, anayageuzageuza kwa kidole gumba kana kwamba upande wa pili utakuwa na habari nyingine. Jioni ile akamwambia mama kwamba atashuka bwawani kuvua. Kule ng'ambo ya magharibi, kwenye ile miti iliyozama, perege walikuwa wengi.

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

Ili uelewe kunyamaza kwake, lazima nikwambie habari ya baba yake. Babu huyo alishuka mlimani kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Mwanzo alirudi kila mwisho wa mwezi. Baadaye akawa anarudi Krismasi. Baadaye hakurudi. Hakufa. Aliishi tu kwingine, na watoto wake wakakua wakisema "baba yuko chini", kama mtu anavyosema kiatu kiko chini ya kitanda. Milimani kwetu kila ukoo ulikuwa na mtu wa namna hiyo. Mtu hapotei siku moja. Hupotea Jumamosi moja, kisha nyingine.

"Nenda," mama alisema hatimaye. "Lakini kila Jumamosi kabla jua halijazama uwe umekaa hapo ulipokaa sasa. Jumapili tuingie kanisani wote."

Baba akakubali, na kesho yake mwinjilisti wa kanisa letu akaja akaliombea neno hilo. Kwa hiyo boti ya baba, tangu kabla haijawa hata ubao, ilikuwa na kazi mbili: kumpeleka kwa samaki, na kumrudisha kwetu. Mama hakuijali sana ile ya kwanza.

Mama alishuka mwenyewe bwawani kwenda kutazama. Alikaa ufukweni kutwa nzima na kapu lake, akijifanya anauza ndizi. Wavuvi wa kule, wengi wao wageni waliotoka maziwa makubwa, walitumia mitumbwi myepesi ya gogo. Asubuhi maji yalitulia na mitumbwi ikaenda kama mchezo. Adhuhuri upepo ukaanza kutoka upande wa milima yetu, ukisukuma maji kuelekea magharibi, na mitumbwi yote iliyokuwa ng'ambo ikabaki ng'ambo. "Wanangoja upepo ulale," aliambiwa. Mama akarudi na neno lake: "Ukingoja upepo ulale, utalala nao." Nyumbani kwetu neno hilo likawa methali. Lilitumika hata kwa mtu anayechelewa kufua.

Basi mtumbwi wa gogo ukakataliwa. Baba akaamua boti ya mbao, pana, ya kufungwa mashine. Mpakani mwa shamba letu palikuwa na mvule wa zamani. Ukaangushwa, ukapasuliwa, na kazi akapewa fundi aliyetengeneza mabenchi ya kanisa letu, kwa kuwa hakuna mbao aliyowahi kuigusa ikalegea. Fundi alishuka mara moja tu kutazama boti ya mtu, akarudi na kamba yenye mafundo ya vipimo, na mengine akayatoa kichwani. Alijenga kama alivyojua kujenga. Kila kitu kilikuwa kinene, kimenyooka, kimepigwa randa mpaka unateleza. Na ile tezi, yaani upande wa nyuma pale mashine inapofungwa, aliiinua juu kama mgongo wa benchi, "ili maji yasimguse mzee mgongoni."

Watu walikuwa wanapita kutazama boti inayojengwa mahali ambapo maji yanafika kwenye kifundo cha mguu. Hawakutuhurumia.

"Safina imefikia wapi?" jirani mmoja aliuliza kila asubuhi, amesimama na jembe begani.

"Inaendelea," fundi alijibu bila kugeuka.

"Ile ya kwanza ilielea kwanza, ndipo ikakwama mlimani. Yako inaanza kwa kukwama!"

"Basi imeshamaliza kukwama," fundi akasema, na randa ikaendelea. Harufu ya yale maranda ninayo mpaka leo. Tuliyakusanya sisi watoto, na bibi akayawashia moto wa kande.

Siku hizo Same ndiyo ilikuwa makao ya wilaya nzima ya Pare, kwa hiyo mashine tulikuja kuitafuta hapa. Nilikuja na baba na mama, nimevaa gauni la Jumapili siku ya kazi, jambo ambalo lilinifanya nitembee kama mtu mwenye cheo. Kwenye duka moja kulikuwa na mashine mbili, zimefungwa kwenye ubao ukutani. Moja ndogo, ambayo mtu mmoja angeweza kuibeba begani na petroli haimalizi. Nyingine kubwa, nzito, yenye kichwa kama chungu cha pombe.

Baba alizizunguka kama anavyozunguka ng'ombe mnadani. Akainama, akatazama chini, akagonga kwa ukucha. Kisha akauliza, "Hizi zinapanda?"

"Zinapanda nini, mzee?" akasema mwenye duka.

"Mlima."

Usimcheke. Injini tuliyoijua sisi ilikuwa ya basi la Ugweno, ambalo kwenye kona kali lilinguruma mpaka abiria wakashuka, na utingo akakimbia nyuma na gogo la kukingia gurudumu. Kwetu injini nzuri ilikuwa ile inayopanda, na mbaya ilikuwa ile inayorudi nyuma. Hapakuwa na kipimo kingine.

Mwenye duka alicheka mpaka akakohoa. "Mzee wangu, majini hakuna mlima!" Wateja nao wakacheka. Baba akatazama vidole vyake. Sikuwahi kumwona mdogo namna ile.

Mama akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Na upepo?"

"Upepo upi, mama?"

"Wa mchana. Unatoka kwetu mlimani unaelekea kule atakakokaa huyu. Kwenda, utamsukuma. Kurudi nyumbani atarudi akiutazama usoni, na mawimbi yanamjia. Huo si mlima?"

Kicheko kikaisha. Mwenye duka akaondoa mkono wake kwenye mashine ndogo, akauweka juu ya ile kubwa. "Kwa mlima huo," alisema, "hii inapanda." Tukaichukua. Tulirudi nayo ndani ya basi imefungwa kwenye blanketi, imekaa kati yangu na mama kama mgonjwa. Tulikuwa tumeuliza kila swali isipokuwa moja, nalo utalisikia sasa hivi.

Upareni kazi ya watu wote huitwa msaragambo. Pembe inalia asubuhi, na kila nyumba inatoa mtu: kuchimba mfereji, kutengeneza barabara, kuinua paa la mjane. Hakuna anayeuliza analipwa nini. Siku ile pembe ililia kwa ajili ya boti. Wanaume waliiweka juu ya miti mirefu, wakaingia chini yake, na boti ya mvule ikateremka kutoka Ugweno kwa miguu ya watu, ikipita juu ya kahawa na migomba, huku wakiimba wimbo wa kuvuta gogo, maana wimbo wa boti hatukuwa nao. Kwenye kona walisimama, mmoja akasema, "Mzee, ungevua hapa hapa kwenye mfereji, ungetupunguzia," wakacheka, wakaingia chini tena. Jirani wa safina alikuwa mbele kabisa, bega lake limechubuka. Wanawake tulifuata na vyungu vya kande. Tulipofika barabara kubwa, lori likapokea.

Ufukweni mwinjilisti akaomba. Fundi akafunga mashine kwenye tezi aliyoijenga, akakaza skrubu. Boti ikasukumwa majini, ikaelea imetulia kama meza, na watu wakashangilia. Baba akavuta kamba. Mashine ikanguruma vizuri sana. Boti haikwenda.

Akaongeza moto. Ikanguruma zaidi. Boti ikakaa pale pale, na sisi tuliokuwa nyuma tukasikia upepo mwanana usoni. Tezi ilikuwa ndefu, mguu wa mashine ulikuwa mfupi, na pangaboi lilikuwa linazunguka hewani, halijagusa maji.

Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu akaita kwa sauti, "Wazee wa milimani! Mmeleta feni?"

Ndilo swali tulilosahau. Hatukuupima mguu na tezi. Tulipima nguvu, tukapima uzito, tukapima upepo, tukaacha kupima kiganja kimoja na nusu cha ubao. Mmoja akatoa msumeno, lakini fundi akamnyang'anya. "Niliyeijenga ndiye nitakayeikata," alisema. Akaikata tezi yake mwenyewe, taratibu, katikati ya vicheko vya watu asiowajua, na jasho likimdondoka puani. Kibao kikaanguka mchangani. Mama akakiokota, akakifuta kwa khanga. "Hiki nitakalia," alisema.

Baba akafunga mashine tena. Safari hii maji yakapasuka nyuma, na boti ikaondoka. Adhuhuri upepo ulipoanza, akaigeuza akaja nao usoni, polepole, mawimbi yakigonga kifua cha mvule, bila kurudi nyuma hata kidogo. Yule mvuvi aliacha kushona. Mama alitazama mpaka boti ilipogusa mchanga, ndipo akakubali kula.

Ndivyo zilivyoanza Jumamosi zetu. Fundi alikitilia kile kibao miguu minne mifupi, mama akakiweka chini ya upenu wa jiko, upande wa machweo. Jumamosi alasiri alikaa pale na kazi ya mikono, sufuria ikinong'ona ndani, akitazama ule mng'ao wa bati kule chini. Boti haikuonekana, ilikuwa mbali mno. Lakini alikaa. Na kila Jumamosi, kabla jua halijagusa tambarare, tulisikia kikohozi cha baba kwenye migomba, kisha harufu ya samaki na petroli, kisha yeye mwenyewe na mtungo wa perege begani. Bibi alikubali perege, kwa kuwa hawakuwa na sharubu.

Nilikuwa na fahari. Siku moja mwalimu wa shule ya Jumapili alituuliza, "Nyumba ya Mungu ni wapi?" Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono: "Ni kule anakovua baba!" Darasa lote likaangua kicheko. Mwalimu akasubiri wanyamaze. "Basi baba yako ana heri," alisema. "Siku sita yuko Nyumba ya Mungu, ya saba anakuja nyumbani mwa Mungu. Ombeni asichanganye."

Hatukuomba vya kutosha, nadhani. Ikaja Jumamosi ambayo hakuja.

Jua lilizama. Mama hakuondoka kwenye kibao. Bibi alimtolea shuka, akamfunika mabegani. Mchana kutwa upepo ulikuwa mkali, hata milimani uliangusha migomba miwili. Kila mtu aliwaza jambo moja na hakuna aliyelitaja.

Jumapili alfajiri nilingoja kengele ya kanisa. Nilisikia pembe. Pembe ya msaragambo haikuwahi kulia Jumapili, tangu watu wa kwetu waanze kusali. Mwinjilisti ndiye aliyesema ipigwe. Wanaume wale wale waliobeba boti wakatokea, wengine na nguo za ibada, wengine na kamba, na mmoja alikuwa na sanda iliyokunjwa, ameificha kwapani ili mama asiione. Mama aliiona. Aliufunga mkaja, akanishika mkono, tukateremka.

Bwawani tukapata boti ya mtu, ikavuka ikisukumwa na upepo. Hakuna aliyeimba. Mama alikuwa hajawahi kupanda chombo, lakini hakushika ukingo. Alinishika mimi. Pande zote miti iliyokufa ilichomoza majini, na kila mti kwa mbali ulikuwa kama mtu.

Ng'ambo tukamkuta baba. Alikuwa ameinama juu ya kichanja, amekunja mikono ya shati, anaanika samaki. Boti yake ilikuwa ufukweni, nzima. Mashine nzima. Mikono yake ilikuwa inameremeta magamba.

Mzee mmoja wa kanisa alisimama mbele yake, akimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Ndugu yangu," alisema, "tumekuja kukuzika, tumekukuta unaanika."

Baba aliangalia watu mmoja mmoja. Aliona lile bega la jirani lililobeba boti. Aliiona sanda. Akajaribu kusema, na neno lililotoka likawa dogo: "Samaki walikuwa wengi."

Mama hakupaza sauti. Alikwenda mpaka kwenye boti, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mashine, kama alivyokuwa anatupima homa.

"Mashine inapanda," alisema. "Kumbe asiyepanda ni wewe."

Baba aliacha samaki kwenye kichanja, wengine wabichi kabisa. Alituingiza wote ndani ya boti yake, maana ile iliyotuvusha ilibaki kungoja upepo ulale, akawasha, akageuza uso wa boti kwenye upepo. Ilikuwa imejaa kanisa zima la wanaume, mama mbele, mimi miguuni pake, na maji yakiturukia. Boti ile ya benchi, nzito, iliyochekwa, iliupanda upepo ule taratibu mpaka ufukwe wetu. Njiani jirani wa safina alisema kwa sauti ya chini, "Haikukwama." Baba alikuwa analia, na kwa kuwa sote tulilowa, watu wakamheshimu, wakafanya kama hawajaona.

Hakukosa tena. Aliendelea mpaka samaki walipopungua na kahawa ikapona kidogo, ndipo akarudi kwenye jembe. Boti alimwachia rafiki yake mmoja, mfugaji wa Kimaasai wa kule tambarare, naye akaifanya hori la kunyweshea ng'ombe. Mara ya mwisho kuiona, ndama walikuwa wameinamisha shingo ndani yake. Nikafikiri, ni kazi njema. Baba alifia kitandani kwake, Jumamosi, mama yupo. Mama alipomfuata, sikutaka chochote cha urithi ila kile kibao, nikaja nacho Same nilikoolewa. Nimekalia huo ubao miaka mingi, nikiwangoja watu wangu kwa zamu zao.

Turudi uwanjani kwa fundi wa mageti. Mjukuu wangu alichagua ile pana. Nilipotaka kumkumbusha kupima mguu na tezi, aliinua futi ya chuma. "Nimeshapima, Bibi. Mguu mrefu." Nilifurahi, na nikaona kwamba huko hanihitaji. Fundi akasema faiba ya tezi ni nyembamba, skrubu zitaipasua, lazima pawekwe ubao mgumu ndani. Vijana wakaleta kipande cha mbao laini ambacho hata ukucha unaingia.

"Subirini," nikasema. Nikarudi nyumbani na bajaji ile ile, nikaja na kibao. Fundi akang'oa miguu yake minne, akakipiga msumeno kidogo pembeni, na harufu ya maranda ya Ugweno ikatoka, hai, baada ya umri wote huo. Akakifunga kwenye tezi. Ubao uliokatwa kwa kuzidi ukawa umerudi mahali pake.

Nilimwomba mjukuu wangu jambo moja. "Jumamosi?"

Alinishika mikono miwili. Hakunidanganya, na kwa hilo namshukuru Mungu. "Jumamosi ndiyo magari ya samaki yanakuja, Bibi. Lakini nitajitahidi."

Jumamosi ya kwanza alikuja, na perege, nikawakaanga mwenyewe. Ya pili alikuja usiku, amechoka, akalala kabla ya sala. Jana ilikuwa ya tatu. Simu ikaita jua likiwa linazama.

"Shikamoo Bibi. Usiningoje leo. Samaki ni wengi."

"Marahaba," nilisema. "Upepo?"

"Hamna shida na upepo, Bibi. Mashine hii inapanda chochote."

Nikamwombea, nikakata simu. Yu mzima, nilijiambia. Siku hizi ndivyo tunavyofanya: tunapiga simu, mtu akipokea tunasema yu mzima, basi. Sikumbuki mara ya mwisho kusikia pembe. Barabara inatengenezwa na mkandarasi, paa la mjane linangoja mfadhili, na mtu akianza kupotea chini huko, Jumamosi moja kisha nyingine, hakuna mlima mzima utakaomteremkia na sanda kwapani, ukamtia haya, ukamrudisha. Nadhani hilo ndilo lililotutoka kuliko kahawa, kuliko perege, kuliko ule mvule. Nilikwenda upenuni ili nikae nifikiri, nikakumbuka kwamba kibao sinacho. Nikafikiri nimesimama.

Leo alfajiri nimevaa viatu vyangu vya ibada nikaenda stendi. Jirani yangu, ambaye tunakaa naye benchi moja kanisani, alinikuta pale nangoja gari, kapu mkononi, na kengele ya kwanza imeshalia.

"Mama, shikamoo! Mbona uko huku? Leo huendi kusali?"

"Naenda Nyumba ya Mungu," nikamjibu, nikapanda gari.